Seva moja, waya mmoja, neno moja la siri: hayo si maendeleo

Kila mara naitwa na kinasa sauti changu kwenda kushuhudia biro fulani ikipokea kompyuta mpya, naenda na roho nzito. Utepe unakatwa, shefu anapigwa picha, mgeni wa shirika anasema kwamba kuanzia leo kazi yote "imeingia dijitali", halafu tunapewa soda. Mimi huwa na swali moja tu, na wamezoea kunisikia nikiliuliza: "Hii mashini ikiungua leo usiku, kesho asubuhi mutafanya nini?" Watu wanacheka. Mara moja kiongozi mmoja alinijibu, "Muandishi, wewe uko na roho ya kuomba mabaya." Hapana. Niko na kaye ya akiba, na hiyo kaye ndiyo iliniokoa.

Nieleze. Kulikuwa na koperative moja ya akiba na mikopo, ambayo jina lake nalibakisha kwangu. Nilikuwa mwanachama pamoja na wachimbaji wa dhahabu, walimu na wamama wa soko. Zamani kila mmoja wetu alikuwa na kaye ndogo: unaweka makuta, karani anaandika tarehe na kiasi, anapiga mhuri, na upande wake anaandika kwenye daftari kubwa. Siku moja wakanunua seva. Wakatuambia turudishe kaye, maana kila kitu sasa kiko ndani ya mashini. Wengi wakarudisha. Mimi nilikuwa safarini Mahagi kwa kazi, niliporudi nikasahau. Ulikuwa uvivu tu, nisijisifu.

Msimu wa mvua ukafika, na alasiri moja radi ikapiga. Sisi wa Ituri hatuhitaji kufundishwa radi, lakini kwa wale wanaotusoma kutoka mbali: mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Watafiti waliohesabu kwa setilaiti waliiweka Kabare, kule Kivu Kusini, ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo seva kuungua kwa radi huku kwetu haiwezi kuitwa ajali ambayo hakuna aliyeitazamia. Ni jambo la kupangiwa, kama fundi anavyopangia mvua anapopigilia mabati.

Fundi wao alikuwa kijana mwenye bidii. Aliniambia siku ile jasho likimtoka: "Gran, tulikuwa na diski mbili. Mbili! Moja ikikufa, ingine inaendelea." Ilikuwa kweli. Diski zilikuwa mbili, ndani ya sanduku moja, kwa waya mmoja wa umeme, chini ya bati moja. Zote zikaenda dakika ile ile.

Mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi alikaa mlangoni pale siku tatu. "Kaye yako iko wapi, mama?" karani anamuuliza. "Mulituambia turudishe." "Sasa tutajua namna gani kama uko na ngapi?" Yeye alijua, kwa kichwa, hadi franka ya mwisho, lakini kichwa cha mtu hakipigwi mhuri. Mimi na kaye yangu nililipwa, kwa vipande, kwa miezi minne. Yeye alipewa nusu ya kile alichosema, "kwa makubaliano". Nilimuuliza alikubaliana na nani. Alinitazama tu.

Sasa tuseme wazi, maana mafundi wanapenda kutufunika na maneno. Huo mtindo wa diski mbili ni wa familia inayoitwa RAID. Jina lililetwa na Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, katika makala yao ya mwaka 1988: badala ya diski moja kubwa ya bei kali, unganisha nyingi ndogo za bei nafuu, na panga data ili moja ikifa zilizobaki ziweze kuijenga upya. Ni akili nzuri sana. Lakini inakulinda na kitu kimoja, yaani diski kufa. Haikulindi na radi, wala moto, wala mwizi, wala paa linalovuja, wala mkono wa karani anayefuta ukurasa kwa makosa. Akifuta kwenye diski ya kwanza, ya pili nayo inafuta palepale, kwa utiifu kabisa. Na diski zilizonunuliwa siku moja, kutoka katoni moja, zikafanya kazi saa zile zile kwa joto lile lile, zina tabia ya kuchoka pamoja. Fundi anayekuambia RAID ni nakala ya akiba, mrudishe shuleni.

Kwenye mabenki na makampuni ya simu, data mara nyingi haikai ndani ya seva yenyewe. Inakaa kwenye kabati kubwa la diski, na seva nyingi zinalifikia kupitia mtandao uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Pale ndipo utaona kazi ya watu waliokaa chini wakafikiri. Kila seva inatoa nyaya mbili. Kila waya unaenda kwenye swichi yake, na hizo swichi mbili haziungani. Kila swichi inafika kwenye kidhibiti chake cha kabati, na kila chombo kinakula umeme kwa milango miwili, mmoja kutoka laini hii, mwingine kutoka laini ile. Chomoa kitu chochote kimoja, kazi inaendelea, na mteja hajui kama kuna kitu kimetokea. Aliyepanga alipita chombo kwa chombo akiuliza: hapa ni nini kiko peke yake?

Swali hilo sisi tunalielewa kuliko watu wengi, kwa sababu tunaishi na barabara ya taifa namba 27. Njia ya Bunia kwenda Mahagi ikifungwa, na tangu mwisho wa 2017 imefungwa mara ngapi, bidhaa za kutoka Uganda zinakwama na soko la Bunia linalia. Wafanyabiashara wanageukia ziwa, Kasenyi au Tchomia. Ni njia ndefu, na ina hatari zake, lakini ni njia ya pili, na kuna siku ndiyo inaleta chumvi. Hakuna mfanyabiashara wa Bunia anayehitaji kuelezwa faida ya kuwa na njia mbili. Sasa mbona huyo huyo akinunua kompyuta ya duka lake anaweka madeni ya wateja wake wote mahali pamoja?

Tusijidharau vilevile, tukasema huu ni ujinga wa Waafrika. Korea Kusini, nchi ya Samsung, tarehe 26 Septemba 2025 betri za lithiamu ziliwaka moto ndani ya kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ikasimama. Ghala la faili za watumishi wa serikali, linaloitwa G-Drive, terabaiti 858, likateketea, na halikuwa na nakala nje ya jengo. Maelezo waliyotoa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Yaani kwa sababu mzigo ni mkubwa, tuuache bila kinga! Huko Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, jengo la orofa tano la kampuni OVHcloud liliungua lote. Kuna wateja waliokuwa wamelipia nakala ya akiba, halafu wakagundua kwamba nakala hiyo ilikuwa eneo lile lile la moto. Na kampuni GitLab, ambayo kazi yake yote ni kuwatunzia mafundi wa programu kazi zao, tarehe 31 Januari 2017 fundi wake alichoka, akafuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Walikiri wenyewe hadharani, na kwa hilo nawaheshimu.

Hapa kwetu tunakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 13 Disemba 2018. Ghala la CENI liliungua Kinshasa, siku kumi kabla ya uchaguzi, na karibu mashini 8,000 za kupigia kura kati ya 10,368 zilizopangiwa mji ule zikawa majivu. Uchaguzi ukasogezwa kutoka tarehe 23 hadi 30. Wengine watazungumza siasa ya moto ule, mimi nabaki kwenye ghala. Mashini nyingi namna ile kulala pamoja chini ya paa moja ni kosa la hesabu kabla halijawa jambo la siasa. Na kilichowezesha Kinshasa kupiga kura ni kwamba mashini nyingine zilikuwa mikoani, zikaletwa.

Mfano wa pili kila mmoja wetu yuko nao mfukoni. Kadi ya mpiga kura, hii ambayo Ituri tulianza kuandikishwa Februari 2023, na ambayo katika nchi hii ndiyo inatumika kama kitambulisho. Maandishi yake yalianza kufifia baada ya miezi tu. Unafika kwenye kizuizi, askari anakuomba kadi, unamtolea kipande cha plastiki cheupe. Kwa Djugu hiyo si mzaha: kizuizini jina lako na mahali ulipozaliwa ndiyo mambo ya kwanza unayoulizwa. Lakini angalia: data yako haikuwa kwenye plastiki peke yake, ilibaki kwenye seva za CENI, ndiyo maana mtu anaweza kuchapiwa kadi nyingine. Uso wako unafifia mfukoni, kule mbali bado uko.

Sasa niwaulize wale wa biro zetu hapa: mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita, jina lake liko mahali pangapi? Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mzazi muda, sasa ni siku 90, kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto, na haitaki hati ya etasivili ibaki biro moja tu. Nakala inapaswa kufika kwenye tribinali. Wale walioandika sheria ile hawakuwa na kompyuta lakini walijua kwamba biro inaungua. Leo tuko na kompyuta na tunafanya chini ya pale. Tunachukua kilichokuwa kwenye karatasi mahali pawili, tunakiweka kwenye mashini moja, tunaita maendeleo. Na daftari za karatasi tunazitupa stoo, panya wanazaa ndani.

Na kumbukeni tuko wapi. Hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Nyuma ya daftari la sheferi, la shule, la kituo cha afya, hakuna daftari kubwa la taifa la kutusahihisha. Likipotea la kijiji, hicho kijiji kinabaki kwenye vichwa vya wazee. Na wazee wetu wamekimbia mara ngapi? Mwaka 1999 hadi 2003, tena kuanzia mwisho wa 2017 mpaka leo. Siku ya kukimbia mtu anabeba mtoto, godoro, sufuria kama ana nguvu. Sijaona mtu aliyekimbia na seva kichwani. Mwaka unapita, anarudi, anakuta nyumba ya mwingine kwenye shamba lake, na hapo ndipo karatasi moja yenye mhuri, au faili moja iliyokuwa imelala salama Bunia, inaweza kufanya watu waende mbele ya hakimu badala ya kutafuta mapanga. Kuna watu wanasema nakala ni mambo ya mafundi. Njooni Djugu muone ni mambo ya nani.

Nitoke kidogo nje ya njia. Ramani na karatasi za jiolojia za wakati wa Mbelgiji, zile zinazoonyesha madini ya Kongo yako wapi, ziko zimetunzwa vizuri kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mawe yetu yana kumbukumbu ughaibuni. Cheti cha mtoto wa Nizi hakina kumbukumbu hata Bunia.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Tutaweka kwenye intaneti, mambo yamekwisha." Wekeni, ni vizuri, lakini isiwe huko tu. Kuanzia tarehe 31 Disemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Uganda na Tanzania wakakaa na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Muuguzi hawezi kumwambia mama mwenye uchungu asubiri kebo irekebishwe ndiyo asome fishi yake. Nakala moja iwe hapa, karibu na mkono, na nyingine iwe mbali.

La pili ni makuta. Hapa nakasirika, kwa sababu ninaona yanakoenda. Kuna fedha za jipu la kukodi kwa siku ya uzinduzi, fedha za fulana zenye nembo, fedha za kutulipa sisi waandishi nauli. Halafu diski mbili za nje, ambazo zinabebeka kwenye mfuko wa suruali, zinakosa bajeti. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliwaachia watu kanuni ya kawaida sana: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa biro ya Nizi, hiyo ni kompyuta yenyewe, diski moja ndani ya sanduku la chuma, na diski nyingine inayopelekwa Bunia kila Ijumaa na mtu anayejulikana, anaacha ile ya wiki hii na kurudi na ile ya wiki iliyopita. Mwenye pikipiki anakwenda Bunia kila siku kwa mambo madogo kuliko hayo. Hatuwaombi kabati la diski na swichi mbili kama za benki ya Nairobi.

Jibu la tatu ni la haki, na sitalipita mbio. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, karatasi zikizidi, macho yanazidi." Anasema kweli. Hapa Ituri orodha ya majina, yenye kijiji na ukoo, ikianguka mikononi mwa watu wa silaha, inaua. Nakala tatu ni sehemu tatu za kuibiwa. Kwa hiyo diski inayosafiri lazima ifungwe kwa siri, mtu akiikamata njiani aone takataka tu, na programu za kufanya hivyo zipo za bure. Na lile neno la siri lisikae kwenye kichwa cha fundi mmoja. Nimeona biro ikifungwa wiki mbili kwa sababu fundi alikwenda kuzika Aru na simu yake ilizimika. Watu wawili walijue, na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la mkuu. Orodha za wadeplase zinahitaji ulinzi zaidi ya huo, na nyingine hazikupaswa kuandika kabila tangu mwanzo. Sheria ya dijitali ya Machi 2023 inazungumza juu ya kulinda data za watu. Nani ameisoma, kati ya wale wanaokusanya majina yetu chini ya miti?

Na kabla hamjaniambia nianze kwangu, nianze kwangu. Radio moja niliyofanyia kazi ilikuwa na diski moja ya nje, nyeusi, iliyopasuka pembe, na ndani yake miaka ya mahojiano: wamama walioeleza usiku wa mashambulizi, machifu wa pande zote mbili walioketi pamoja, mzee aliyeimba majina ya vilima vya babu zake. Ilianguka kutoka mezani. Ilitoa sauti ya kukwaruza, basi. Baadhi ya wale waliosema mle ndani sasa ni marehemu. Nilikuwa naweza kunakili, nilikuwa na muda, nilisema kesho. Wale wanaoandaa kesi za Ituri siku moja watauliza kama kuna aliyerekodi. Nitawajibu ndiyo, nilirekodi, halafu nitanyamaza.

Kwa hiyo siku hizi sikubali tena kuonyeshwa seva. Naomba nionyeshwe nakala ikifunguliwa. Biro ikiniambia "tunanakili kila wiki", nasema vizuri, chukueni ile ya wiki iliyopita, iwekeni kwenye mashini nyingine, nitafutieni jina moja. GitLab walikuwa na njia tano na hawakuwahi kuzijaribu vya kutosha. Nimeomba hivyo kwenye biro nne mwaka huu, hapa na kuelekea Bunia. Moja walifungua diski mbele yangu, jina likatoka, tukashangilia kama watoto. Pale kuna karani wa kike anayeibeba mwenyewe kila Ijumaa, na hakuna anayemlipa nauli. Ya pili diski ilikuwa tupu. Ya tatu haikuonekana. Ya nne wameniambia nirudi mwisho wa mwezi, mkuu akiwa amefika. Nitarudi, na nitaandika hapa hapa nilichokuta.